Rupia Niliyoing'arisha

Kabla hujaweka sarafu yako mezani kwangu, nionyeshe vidole. Wote nawaanza hivyo, awe mtoto wa mwalimu anayekuja na simu kutoka Msasani, awe mkulima wa parachichi aliyepanda bodaboda kutoka Kisondela na sarafu ameifunga kwenye pindo la kitenge cha mkewe. Vidole vikiwa na mafuta ya maandazi, ndoo ile pale, kanawe. Wengine wanacheka. Mimi sicheki. Mafuta ya kidole chako yanabaki kwenye fedha, na baada ya miaka michache alama ya dole gumba itakuwa imekaa usoni pa sarafu kama muhuri, na hakuna wa kuitoa.

Kazi nimeiacha. Macho hayaoni tena mstari mwembamba na mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Lakini bado mnanijia hapa Bulyaga mkitaka niwaambie siri. Siri hakuna. Nimefika darasa la nne, na haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe ili nisirudie maneno yale yale kila Jumamosi. Asiyeelewa asome tena polepole.

Kwanza mjue kwamba sarafu ina uchafu na ina ngozi. Uchafu ni tope, masizi, jasho, nta ya mshumaa, kinyesi cha mende. Ngozi ni ile rangi ambayo sarafu imejivika yenyewe kwa miaka mingi, shaba ikawa kama kahawa iliyokaangwa, fedha ikawa ya kijivu, pengine na bluu kidogo pembeni. Uchafu unatoka. Ngozi hairudi. Mnunuzi anayejua kazi yake hatafuti inayong'aa, anatafuta yenye ngozi. Ukimpelekea iliyochunwa atakushukuru vizuri, atakunywa chai yako, na hatarudi.

Alikuja mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka mbali, kijana msafi, suruali imenyooka. Alikuwa na senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati, akasikia mahali kwamba maji ya betri yanatoa kutu. Akazitumbukiza. Zilipotoka zilikuwa za waridi kama kitoto cha nguruwe. Akaniuliza zinaweza kurudi zilivyokuwa. Nikamwambia zinaweza, azizike tu kwenye shamba la ndizi, halafu aje mjukuu wake azifukue. Aliandika kwenye daftari. Ilibidi nimwambie nilikuwa namtania.

Sasa ninyi mna simu, mnaona watu wanatumia soda, ndimu, dawa ya meno, mchuzi wa nyanya. Sizuii mtu kunywa soda yake. Lakini ndimu ni kali, inakula. Dawa ya meno ina mchanga ndani hata kama ulimi hauuoni. Najua ninachosema, kwa sababu kosa la kwanza kabisa katika kazi hii nililifanya mimi, tena nililifanya kwa kujivuna.

Mnapaswa kujua tulivyokuwa. Kabla ya enzi za ruksa, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Kipande cha sabuni kikifika duka la ushirika, habari inafika Kisondela kabla ya lori kuzima. Sisi wanawake wa huku hatukukubali uchafu kwa sababu ya foleni. Tulisugua vyungu kwa majivu, sufuria kwa mchanga wa mtoni, vijiko kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mwanamke alijulikana kwa sufuria zake. Mimi sufuria zangu ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kisha ikaja ruksa, maduka yakajaa, mpaka wa Kasumulu ukachangamka, sabuni za kila rangi zikaletwa na akina mama wa biashara. Lakini mkono uliozoea majivu haukubadilika kwa sababu ya sabuni ya dukani.

Kufunguka huko kwa mpaka ndiko kulikomleta Ambakisye. Alitoka upande wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mtu mzima mwenye mvi chache, akasema yeye ni mtoto wa kaka yake baba mkwe wangu, yule kaka aliyevuka mto akiwa kijana na hakurudi. Baba mkwe jina lake silitaji hapa. Mke wa mtoto hataji jina la baba wa mumewe, na mimi sitaanza uzeeni.

Na tena mwelewe mila hiyo, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia migombani, unampa mgongo mpaka apite. Hamzungumzi. Chakula chake unakipika wewe, lakini anayempelekea ni mama mkwe. Ndiyo heshima, tunaiita ukutila. Wengi sasa wameiacha, wanasema ukristo umeiondoa. Sisi tulienda kanisani kila Jumapili na mila tukaishika vilevile. Nilikuwa nimekaa kwenye boma lile miaka kumi na saba, na baba mkwe hajawahi kunielekezea neno hata moja.

Ambakisye alituma salamu kwanza, kwamba atakuja Jumapili baada ya ibada, na atakuja na rupia ya babu. Baba mkwe alijua ni rupia gani. Baba yake alikuwa amelipwa rupia mbili na Wajerumani, zile za fedha zenye picha ya mzungu mwenye kofia iliyokaliwa na ndege. Akawapa wanawe wawili, kila mmoja yake. Baba mkwe alikuwa na ya kwake, imechomekwa kwenye paa la jiko, nyeusi kwa masizi kama kokwa la parachichi. Akaitoa, akampa mama mkwe, akamwambia ampe mkamwana aioshe, wageni wanakuja.

Mama mkwe akanipa. Nikamwuliza, "Mama, ioshwe kwa namna gani?"

"Gwe, huyo ni wewe unayeuliza namna ya kuosha?"

Ilikuwa sifa, nikaipokea hivyo. Angekuwa baba yangu mzazi ningemwendea nikamwuliza hii ni ya nini, una nini nayo. Kwa baba mkwe sikuweza, na kumtuma mama mkwe mara ya pili ningeonekana mjinga wa sufuria. Nikachukua majivu, nikakamua ndimu, nikachuma msasa. Nilisugua tangu asubuhi mpaka maharage yakaiva. Yule mzungu alitoka akiwa hana pua, lakini aling'aa. Niliifunga kwenye leso nyeupe nikamrudishia mama mkwe. Nilijiona mkubwa.

Jumapili wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, katikati kuna ukuta wa mianzi tu, kila neno linapita. Ambakisye akasalimia vizuri, akasema baba yake amefariki, na kabla hajafa alimwagiza arudi nyumbani ajulikane. Akatoa rupia yake. Niliichungulia kwenye ufa wa mianzi. Ilikuwa imekaa miaka chini ya ardhi ndani ya chungu pamoja na bangili za shaba, imepata ukoko mgumu, mweusi na kijani.

Mzee mmoja, binamu wa baba mkwe, mtu wa maneno, akasema siku hizi za ruksa kila mtu ana ndugu mpakani, na rupia za Mjerumani zilikuwa nyingi. Kila mtu alijua anachosema. Mwaka ule watu walikuwa wameshaanza kudai viwanja kwa jina la babu zao.

Baba mkwe akawaambia yeye ana njia ya kujua. Baba yake alizikwaruza rupia zote mbili kwa ncha ya kisu, nyuma ya shingo ya mzungu, alama ya mguu wa kuku, vidole vitatu. Hakumwambia mtu mwingine isipokuwa wanawe. Kisha akafungua leso yangu nyeupe.

Nilisikia anaigeuza, anaigeuza tena. Halafu akasema, "Hii si rupia ya baba yangu."

Mama mkwe alijibu kutoka jikoni kwamba ndiyo yenyewe, mzee mwenyewe aliitoa paani kwa mkono wake. Akaambiwa basi imechunwa, na alama imeondoka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la ndizi. Sikuliangusha, nililiweka chini.

Yule mzee wa maneno akachomoa kisu, akasema basi wakwangue ya mgeni waone. Baba mkwe akamzuia. Ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo ndiyo shule yangu. Hakuniambia mimi, alimwambia mkewe, lakini kwa sauti ya kupita mianzi.

"Mwambie aliyeiosha ya kwanza, na hii ataiosha yeye. Akajifunze kwanza."

Ambakisye akaiacha rupia yake, kitu pekee alichorithi kutoka kwa baba yake, mikononi mwa mwanamke aliyekuwa ameharibu ya kwanza. Alisema atarudi wakati wa kuvuna maharage. Mimi nisingeiacha. Namheshimu kwa hilo hadi leo.

Nikaenda sokoni Tukuyu kwa Mzee Kondo, fundi saa, mtu wa Pwani aliyekuwa na meza yake barazani na lenzi amefunga jichoni kama kifuniko. Nilimwonyesha rupia niliyoing'arisha. Akaitazama sana.

"Mama Atupele, hii hela ilikutukana?"

Nikamwambia ya pili ninayo na sitaki kuiharibu. Akasema hanifundishi kwa rupia ya mtu. Akanipa kopo la senti tano mbovu, na kwa wiki sita sikugusa kingine. Kila siku ya soko nilikuwa naenda na mkungu wa ndizi, kwa sababu hakutaka kulipwa na mimi sikutaka bure. Alikuwa mkali. Ukishika sarafu usoni anakupiga kidole kwa koleo dogo. Pembeni, alikuwa anasema, shika pembeni kama unavyoshika sahani ya moto.

Alichonifundisha ni hiki, na wengine mtakiona kidogo. Osha kwa maji ya mvua. Huku kwetu Mungu ametupa mvua mpaka tunaichoka, lakini msikinge chini ya bati, bati lina kutu na vumbi na kinyesi cha ndege. Weka beseni safi katikati ya uwanja, mbali na mti, acha mvua ya kwanza iondoke ndiyo uweke. Ndani yake tone moja la sabuni laini isiyo na unga. Lowesha. Usisugue. Ukitaka kusogeza kitu, sogeza maji. Badilisha maji yakichafuka, suuza mara tatu. Kukausha si kufuta. Lalisha kitambaa cha pamba kilichochakaa, juu yake sarafu, juu tena kitambaa, gandamiza kwa kiganja, inua. Ukifuta, punje moja tu ya mchanga itachora mstari, na mstari huo utaulilia.

Ukoko mgumu ni wa mafuta ya cherehani, yale mepesi. Zamisha, funika, sahau. Si siku moja. Wiki, mwezi. Halafu chonga kijiti cha mwanzi, kilainishe ncha kwa kukitafuna kidogo, usukume ukoko kutoka pembeni yake. Ukikataa, rudisha kwenye mafuta. Chuma kisiguse sarafu. Sindano weka kwenye nguo.

Na ukiona shaba inatoa unga wa kijani unaodondoka kama chumvi, huo si uchafu, ni ugonjwa. Itenge, kwa sababu itaambukiza nyingine. Na msihifadhi kwenye mifuko laini ya nailoni, inatoa jasho. Bahasha ya karatasi safi inatosha. Na kuna sarafu nyingi hazitakiwi kuoshwa kabisa. Nusu ya kazi yangu maisha yote imekuwa kuwaambia watu chukua hela yako urudi nayo ilivyo.

Maharage yalipokaribia, rupia ya Ambakisye ilikuwa imeanza kuachia. Mzee Kondo alinikopesha lenzi yake ya akiba. Nikaketi mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi. Kofia ilitoka, ndege akatoka. Nyuma ya shingo nikaona mkwaruzo mmoja. Siku mbili baadaye wa pili, unakutana na wa kwanza chini. Pale ambapo wa tatu ungekuwa, ukoko ulikaa kama gundi.

Ambakisye akafika. Wazee wakaketi. Nikamtuma mama mkwe na rupia kwenye kisahani, aseme vidole viwili vimeonekana, cha tatu bado kiko chini.

Yule mzee wa maneno akasema mikwaruzo miwili hata jembe linaikwaruza. Kuku gani ana vidole viwili? Watu wakacheka, na Ambakisye akacheka nao, maskini, huku jasho linamtoka. Mzee akasema basi huyo mama asugue kidogo tu hapo, yaishe, mbona anajua kusugua.

Hapo palinichoma. Kisahani kiliporudi jikoni, nilikuwa na kijiti mkononi. Kidole changu kilitaka. Nusu dakika ya kusukuma kwa nguvu, ukoko ungeruka. Lakini ukoko mgumu ukiruka kwa nguvu huondoka na kipande cha uso, na mkwaruzo wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Kama ungeondoka nao, yule mtu angerudi Karonga akiwa si wa mtu. Na aliyemfukuza ningekuwa mimi.

Nikairudisha kwenye mafuta. Nikamwambia mama mkwe, "Waambie sitasugua."

Mama mkwe alinitazama. Miaka yote hakuwa amenisikia nikikataa kitu. Akaenda akawaambia hivyo hivyo, bila kuongeza sukari. Nilisikia minong'ono, halafu sauti ya baba mkwe ikasema mgeni atalala hapa mpaka aliye na kazi yake aseme imekwisha.

Ambakisye alikaa kwetu siku nane. Alitusaidia kuvuna maharage, akatengeneza mlango wa zizi uliokuwa umemshinda mume wangu mwaka mzima, na mume wangu akawa hampendi kwa siku mbili tu, halafu wakapatana. Mama mkwe alisema hata kama si ndugu, anakula kama wa ukoo. Kila asubuhi mimi nilifungua kopo, nikagusa ukoko kwa mwanzi, ukakataa, nikafunga. Nilikuwa naomba Mungu nikilifunga.

Siku ya nane niligusa tu, ukaondoka wenyewe, kama ganda la kidonda kilichopona. Chini yake palikuwa na mkwaruzo wa tatu. Mwembamba, umepinda kidogo mwishoni kama mkono wa aliyekwaruza ulichoka. Nikasuuza kwa maji ya mvua mara tatu. Nikagandamiza kwa kitambaa. Mikono ilitulia kabisa, nakumbuka nilishangaa.

Wazee hawakuwepo siku hiyo, ni baba mkwe na Ambakisye tu sebuleni. Mama mkwe akapeleka kisahani na lenzi. Nikasikia kiti kinasogezwa dirishani. Nikasikia mzee anapumua kupitia puani, muda mrefu. Ambakisye akauliza, "Baba mdogo, ipo?" Nilisikia tu mzee mzima analia, na yule mwingine akaanza kulia naye.

Halafu hatua zikaja upande wetu, zikasimama kwenye ukuta wa mianzi. Nikageuza mgongo haraka kama ipasavyo, nikapiga magoti.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema baba mkwe. Asante sana, mwanangu.

Hakumwambia mkewe aniambie. Aliniambia mimi. Sikujibu, mila hairuhusu, lakini nilipiga makofi mara mbili kwa viganja vilivyokunjwa, akasikia, akarudi kwenye kiti chake. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa, na sikuhitaji.

Habari za mguu wa kuku zilifika Kasumulu zikapita. Wafanyabiashara wakaanza kuniletea, halafu wazungu wenye vitabu vya sarafu, halafu watu kutoka Dar ambao walifikiri nitakuwa na ofisi. Walinikuta nachambua maharage. Nimeosha sarafu kwa miaka ishirini na zaidi, kwenye beseni lile lile, na hakuna hata mmoja aliyeondoka na iliyochunwa. Hilo nalisema bila haya.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe aliniletea leso yangu nyeupe, ile ile, imekunjwa. Ndani kulikuwa na rupia yake, yule mzungu asiye na pua. Alikuwa ameagiza nipewe mimi, si mume wangu.

Ndiyo hii mnayoiona daima kwenye kona ya meza, inayong'aa kuliko zote, na kila mnunuzi huanza na hiyo kuuliza bei. Haiuzwi. Miaka yote hii imeanza kupata ngozi tena, kijivu kidogo pembeni, na sijaigusa isipokuwa kwa ukingo. Sasa wewe uliyefika hapa mwishoni, umenawa? Haya, ichukue uitazame. Pembeni.